Mabuti ya ski ya slalomu: tazama kwanza mguu utatokaje

Ski nzuri ya slalomu, yaani ski moja ya kutelezea majini ukivutwa na boti, huishi muda mrefu kuliko buti lililofungwa juu yake. Neopreni hupasuka nyuma ya kisigino, pale inapovutwa kila mara wakati wa kuvaa. Gundi huachia kwa jua, vitundu vya kamba hung'oka, na raba iliyokuwa ikikumbatia mguu hubaki inaning'inia kama sikio la mbwa. Ski yenyewe bado nzima kabisa. Mwenye ski anaingia madukani kutafuta mabuti bila ski, na huko anakuta majina mengi kuliko maduka ya viatu Kariakoo.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa watelezaji wengi, yaani wanaovutwa kwa kilomita 45 hadi 55 kwa saa na kamba ya kuvutia bado haijakatwa sana, yaani haijafupishwa, kinachofaa ni buti la mbele la kufunga kwa kamba, gumu kiasi, lenye vidole wazi, na kanda la vidole kwa mguu wa nyuma. Gamba gumu lenye mtambo wa kuachia ni zana bora, ila lataka mtu mwenye subira ya fundi saa. Mchanganyiko tusioutaka kabisa ni buti moja linaloachia upesi na jingine linalong'ang'ania.

Sababu yake iko kwenye kuanguka. Slalomu ina anguko moja linalopeleka watu hospitali: ski inasimama ghafla, mara nyingi mtu anapotoka kwenye kona au baada tu ya kukata mawimbi ya boti, mwili unaendelea mbele, na kisigino cha mbele kinataka kuinuka. Kikitoka, unameza maji kidogo, unaogelea kuifuata ski, basi. Kisipotoka, nguvu yote inaishia kwenye kano ya kisigino na kifundo. Na mguu mmoja ukitoka huku mwingine umebaki, ile ski ya inchi 67 inageuka wenzo unaosokota goti lililobaki limefungwa. Kwa hiyo miguu yote miwili itoke pamoja, au yote miwili ibaki pamoja. Kila buti lililotajwa hapa chini limepimwa kwa kipimo hicho kwanza. Wepesi, rangi na jina la bingwa anayelivaa vinakuja baadaye.

Mguu wa nyuma

Tuanze nyuma kwa sababu ni rahisi. Kanda la vidole, ambalo kwenye orodha za maduka huandikwa RTP (rear toe plate), ni bamba lenye mkanda unaopita juu ya wayo, kisigino kikiwa huru. Ralph Samuelson, mwanzilishi wa mchezo huu, alipoteleza kwenye Ziwa Pepin, Minnesota, mwaka 1922, miguu yake ilishikwa na mikanda ya ngozi. Kanda la leo ni mjukuu wa mikanda ile. Faida yake ni tatu. Unaweza kuinuka majini huku mguu wa nyuma unaburuzwa nje, ukauingiza boti ikishashika mwendo. Ukianguka, mguu unachomoka bila ubishi. Na bei yake ni ndogo kuliko ya buti zima.

Nunua lile linalorekebishika kwa velkro au kamba. La raba isiyorekebishika likilegea, limekwisha. Kampuni za Radar, HO na Connelly zote zinatengeneza ya kurekebisha, na tofauti kati yao si ya kukunyima usingizi. Tazama tu kama mkanda unafika hadi juu ya mfupa wa wayo, maana ukiishia vidoleni mguu wako utachomoka wakati wa kuvuta, si wakati wa kuanguka.

Buti kamili la nyuma lina hoja yake. Visigino vyote viwili vikitulia, uzito haukimbilii mkia wa ski, na mabega hayachezi ovyo. Lakini litakulazimisha kuinuka na miguu yote miwili ndani, jambo linalowashinda wengi wanaojifunza, na lazima libane sawasawa na la mbele. Watu hukosea hapo hapo: wananunua buti jipya la mbele, la nyuma wanaliacha lile la zamani lililolegea. Kwa miezi michache hawaoni tatizo, hadi siku la nyuma linapoachia peke yake.

Buti la mbele: aina na majina

Ya raba, yasiyo na kamba. Kampuni ya Wiley's ya Seattle, Marekani, ilijipatia jina kwa haya: tabaka za raba zilizokatwa na kubanwa juu ya bamba, moja ikishika wayo, nyingine ikizunguka kisigino. Mguu unaingia kwa sabuni na kwa kuguna. Raba haina kamba ya kukaza kupita kiasi, kwa hiyo nguvu inayohitajika kuutoa mguu leo ni ileile ya wiki ijayo, na hilo si jambo dogo. Lakini lazima saizi iwe yako hasa, kwani raba haikusamehe nusu namba. Ikichanika kidogo ukingoni, usisubiri mwisho wa msimu: mchaniko wa sentimita moja hufika katikati kwa anguko moja.

Ya kamba, laini hadi gumu kiasi. Hapa ndipo soko lilipo. Radar wana Vector, na juu yake Vapor iliyo ngumu zaidi. Lyric imekatwa kwa miguu ya wanawake, yenye kisigino chembamba. HO wana Stance 110 na Stance 130, nambari kubwa ikimaanisha ugumu mkubwa, mtindo ulioazimwa kutoka mabuti ya ski za theluji. Stance hufungwa moja kwa moja kwenye ski bila bamba la alumini chini yake, ili ski ipinde kwa uhuru na mguu ukae karibu zaidi na maji. Ni wazo zuri, ila lina matokeo kwa skrubu zako, tutayafikia.

Kati ya hizo, Vector na Stance 110 ndizo tungempa mtu mwenye mwaka mmoja hadi mitano ya slalomu. Zina ugumu wa kutosha pembeni, kwa hiyo ukilaza goti ndani ya kona ski inafuata papo hapo, na bado sehemu ya juu inajikunja mbele. Vapor na Stance 130 ni za mtu ambaye tayari anazunguka maboya yote 6 ya uwanja wa slalomu na ameanza kukata kamba ya kuvutia. Kwenye uwanja rasmi wa mita 259 kamba huanza mita 18.25, kisha 16, 14.25, 13, 12 na kuendelea; wanaume huvutwa hadi kilomita 58 kwa saa, wanawake 55. Kamba ikiwa mita 18.25, kisigino kikicheza milimita chache hutajua. Ikifika 13, kucheza huko ni boya ulilolikosa. Anayetelezea raha wikiendi akinunua buti gumu kabisa amenunua tu kifundo kisichopinda, na kifundo kisichopinda humrudisha mtu nyuma kwenye mkia.

Kuhusu kamba zenyewe: utaziona za kufunga kwa mkono, za kuvuta na kubana kwa klipu, na za waya wenye gurudumu aina ya Boa. Gurudumu linapendeza, unakaza kwa kubofya na kuzungusha, unaachia kwa kuvuta. Kasoro yake ni kwamba linakaza sana bila vidole vyako kuhisi, na waya ukikatika ukiwa ziwani hakuna cha kufungia hapo hapo. Ya kamba mbili tofauti, moja ya wayo na nyingine ya kifundo, tunayapendelea: wayo unakazwa vizuri, kifundo kinaachiwa kidogo, na kifundo ndicho kinachoamua kama kisigino kitatoka.

Ya gamba gumu. Reflex ya Ufaransa ndiyo inayojulikana zaidi: gamba la plastiki kama la buti la roller skate, soksi nene ya povu ndani, pua imeshikwa na chuma mbele, na kisiginoni kuna mtambo wa springi unaoachia gamba zima likivutwa juu. Unatoka umevaa gamba mguuni, ski inabaki. Mtambo una kipimo cha ukazaji, na hapo ndipo watu hujidanganya. Nambari unayoisoma ni ya kweli tu kama umbali kati ya chuma cha mbele na mtambo wa nyuma umewekwa sawa. Gamba likibanwa mno katikati ya viwili hivyo, kipimo kinaweza kusoma kidogo na bado lisitoke. Likilegea, litachomoka katikati ya kona, na hilo nalo ni anguko la kasi. Anza chini, ongeza nusu hatua kwa nusu hatua, na usiongeze kwa sababu tu ya anguko moja ambalo lilistahili kuachia. Kabla ya kila raundi, kagua mchanga kwenye mdomo wa mtambo. Punje chache zinatosha kuufanya ushike nusunusu.

Gamba gumu mbele na kanda la vidole nyuma vinakwenda pamoja vizuri. Gamba gumu mbele na buti lililobana nyuma ni ule mchanganyiko tulioukataa mwanzoni.

Kampuni ya Goode imetatua kwa njia nyingine: magamba mawili ya PowerShell juu ya bamba moja, na bamba limeshikwa kwenye ski kwa Dual Lock, ile mikanda ya 3M yenye vichwa kama uyoga vinavyong'ang'aniana. Ukianguka, bamba zima linabanduka na miguu yako yote miwili ikiwa juu yake. Kanuni ya miguu miwili imetimia. Tatizo ni kwamba nguvu ya kubanduka inategemea ukubwa wa vipande, unavyokanyaga kuvibana, uchakavu na uchafu. Hakuna kipimo cha kusoma. Ukivibandika upya, safisha uso kwa spiriti, bandika pakiwa pakavu kabisa, na uache gundi siku 3 kabla ya kuingia majini. Anayebandika Ijumaa jioni ili ateleze Jumamosi asubuhi atatazama vipande vikibanduka na gundi yake.

Kwa bei, buti la mbele la kamba kwa kawaida huwa kati ya dola 200 na 400 za Marekani, na mifumo ya gamba gumu hupanda juu ya hapo. Usafiri na ushuru ni juu yako.

Saizi

Namba zilizoandikwa ni za Marekani. Aliyezoea namba za Ulaya au za Uingereza, kama ilivyo kwenye maduka mengi ya Afrika Mashariki, ajihadhari: 42 ya Ulaya ni 8 ya Uingereza na ni takriban 9 ya wanaume Marekani. Mabuti ya wanawake huenda mbele namba moja na nusu hivi, yaani mguu uleule ni 10 na nusu. Njia salama ni kupima wayo wenyewe kwa sentimita. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, pima hadi kidole kirefu zaidi, na upime jioni mguu ukiwa umevimba kidogo. Namba 9 ya Marekani ni kama sentimita 27.

Vidole wazi husaidia wenye wayo mrefu au familia inayotumia ski moja, kwani vidole vinaweza kutokeza. Lakini usichukulie uwazi huo kama ruhusa ya kununua kubwa. Buti hushika kisigino na wayo. Hayo yakiwa mapana, hakuna kamba itakayoyaokoa.

Jaribu hivi. Lowesha mguu, vaa, funga kama utakavyofunga majini, simama juu ya zulia na mtu mwingine akanyage ski mbele na nyuma. Kunja goti la mbele hadi mfupa wa muundi ubane ulimi wa buti. Kisigino kikiinuka zaidi ya milimita 5 hivi, buti ni kubwa au limekatwa kwa mguu usio wako. Kisha kaa nalo dakika 10. Ganzi vidoleni maana yake ni dogo, au umekaza juu ya wayo kupita kiasi. Legeza kwanza kabla ya kulilaumu. Mwisho, bila kufungua kamba, jaribu kuutoa mguu kwa kuinua kisigino polepole kwa nguvu. Lazima uwe na kazi, lakini utoke. Usipotoka sebuleni, na ziwani usitegemee.

Kulifunga kwenye ski

Kabla hujagusa bisibisi, pima nafasi ya buti la zamani: kutoka mwisho wa mkia hadi nyuma ya kisigino cha buti la mbele. Kwa ski ya inchi 66 au 67 namba hiyo mara nyingi huangukia kati ya inchi 29 na 30, yaani sentimita 73.5 hadi 76. Andika kwa kalamu, piga na picha. Usihesabu matundu ya bamba ukadhani tundu la tatu la bamba la zamani ni la tatu la bamba jipya. Kila mtengenezaji hukiweka kisigino mahali pake, na tofauti ya robo inchi utaihisi kona ya kwanza. Buti likisogea mbele, ncha inashika maji zaidi na ski inageuka haraka lakini inaburuza. Likirudi nyuma, ski inakimbia na kugoma kugeuka.

Pima pia umbali kati ya matundu ya hesi yaliyozikwa ndani ya ski, katikati hadi katikati, ulinganishe na bamba jipya kabla ya kulipa. Kampuni hazikukubaliana mpangilio mmoja. Kutoboa tundu jipya kwenye ski ya kaboni ili buti likae ni kuharibu ski kwa ajili ya buti.

Sasa skrubu. Tumia zenye hesi ileile ya ski yako. Ya inchi na ya milimita huweza kuanza kuingia kwa mizunguko miwili na kukudanganya, kisha zikaua tundu. Urefu nao una hila. Ukitoka kwenye bamba la alumini la milimita 3 ukaweka buti lisilo na bamba, skrubu zilezile zinaweza kuzama milimita kadhaa zaidi, zikagonga mwisho wa tundu na kusukuma tumbo la ski kutoka ndani. Utajua kwa kuona skrubu imekataa kukaza huku buti bado linacheza, au kwa kapele kadogo chini ya ski, ambako kakishatokea hakarudi. Ingiza skrubu tupu kwa vidole, hesabu mizunguko hadi isimame, toa, linganisha na kina kinachobaki buti likiwa juu. Mizunguko 5 au 6 ndani ya chuma inatosha.

Kaza zote kwa vidole kwanza, ndipo umalizie kwa bisibisi ya mkono kwa kukatisha pembe, kama nati za gurudumu. Mashine ya kukazia iache kwenye sanduku. Teleza raundi moja, kaza tena.

Kanda la nyuma lisogeze mbele hadi vidole vikaribie kugusa kisigino cha buti la mbele bila kukandamizwa, na mguu ukielekea nje kidogo kama mwili wako unavyopenda. Pezi lililo chini ya mkia wa ski na bawa lake usiviguse kwa raundi tano au sita za mwanzo. Buti jipya hubadilisha kimo cha kifundo na uzito juu ya ski. Ukibadilisha na pezi siku hiyohiyo hutajua kipi kimekuharibia kona.

Chumvi, jua na sabuni

Kwa wanaoteleza kwenye maji ya chumvi, mfano hori la Kilifi au la Mtwapa, bamba la alumini lenye skrubu za chuma cha pua ni ndoa yenye ugomvi. Chumvi ikiingia kati yake alumini huliwa, unga mweupe hutokea pembeni mwa vichwa, na baada ya mwaka skrubu haitoki bila kukatika. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila siku, ukipitisha maji chini ya bamba, na kila miezi mitatu toa skrubu moja moja, pangusa, paka grisi ya baharini kidogo, rudisha. Mabuti yasiyo na bamba yana nafuu hapa.

Kuvaa, tumia sabuni ya vyombo iliyochanganywa na maji mara nne au tano, kwenye chupa ya kupulizia. Vaselini na mafuta mengine ya petroli yanalainisha vizuri mara ya kwanza, kisha yanavimbisha raba na kuila gundi. Ukimaliza, fungua kamba zote, panua mdomo wa buti, kausha kivulini. Ski iliyoachwa juu ya sitaha ya boti saa sita mchana huku mabuti yakitazama juu huzeeka haraka kuliko iliyotelezwa mchana kutwa, na kinachoachia kwanza ni gundi ya kisiginoni.